Ulimi, ala, kibano au bapa: utengeneze kiungo gani kwa nguzo za chuma za uzio?

Nguzo ikiwa fupi kwa nusu mita, au bomba la mlalo lisipofika nguzo ya pili, au kona ikidai mhimili wa kuiegemeza, kazi ya uzio husimama hadi kipatikane kiungo. Viungo vya kununua vipo, lakini mara nyingi havilingani na bomba ulilo nalo. Mtu mwenye grainda, drili, jiliwa na mabaki ya chuma anaweza kujitengenezea. Nimetengeneza aina nne kwa mikono yangu, nikazifunga, nikazirudia baada ya misimu kadhaa ya mvua kuona zimekuwaje. Hapa nazilinganisha ili mwenzangu asirudie makosa niliyoyafanya.

Majina kwanza, maana kila fundi ana lake. Ulimi ni kipande kinachoingia ndani ya mabomba yote mawili yanayounganishwa. Ala ni bomba pana linalovaa nje, kama ala inavyovaa kisu. Kibano ni flatibaa mbili, yaani kanda za chuma bapa, zilizopindwa kufuata bomba, zikakazwa kwa bolti. Bapa ni kipande cha chuma kilichonyooka kinachofungwa ubavuni mwa nguzo mbili ili kuzishikanisha.

Wengi huanza kwa kuuliza kipi kina nguvu zaidi. Mimi huanza na swali jingine: kipi hakitacheza? Kiungo kinachocheza milimita mbili leo kitacheza tano mwakani, kwa sababu upepo hauchoki kukitikisa na kila mtikiso hupanua tundu la bolti kidogo.

Vernia kabla ya msumeno

Bomba huitwa kwa inchi, lakini inchi hiyo hutaiona popote ukilipima. Bomba la maji linaloitwa la inchi moja lina kipenyo cha nje cha 33.7 mm, la inchi moja na robo 42.4, la inchi moja na nusu 48.3, la inchi mbili 60.3. Kipenyo cha nje hubaki palepale, na ukuta ukinenepa ni nafasi ya ndani inayopungua. Yapo pia mabomba mepesi yanayofuata vipimo vingine kabisa, kwa hiyo usiamini jina. Pima kwa vernia, kile kipimio cha taya mbili kinachosoma hadi sehemu za milimita.

Tazama mfano huu. Una nguzo ya 48.3 yenye ukuta wa 3.2 mm. Ndani yake kuna 41.9 mm. Ukinunua bomba la 42.4 ukidhani litaingia kuwa ulimi, halitaingia, limezidi nusu milimita. Lakini nguzo hiyohiyo ikiwa na ukuta wa 2.6, ndani kunabaki 43.1, na bomba la 42.4 linaingia likiwa na nafasi ya 0.7 tu. Huo ni ulimi mzuri ambao hauhitaji kazi yoyote zaidi ya kukata.

Sasa chukua nguzo ya 60.3 yenye ukuta wa 3.6. Ndani kuna 53.1 mm. Ukitia ulimi wa bomba la 48.3, inabaki nafasi ya 4.8 mm. Inaonekana ndogo ukiitazama mkononi. Lakini kama ulimi umezama 150 mm na kipande cha juu kina urefu wa mita moja na nusu, ncha ya nguzo inaweza kuyumba karibu 48 mm kabla ulimi haujagusa ukuta pande zote mbili. Nguzo yangu ya kwanza ya kona niliiunganisha hivyo. Niliilaumu zege kwa muda mrefu, hadi nilipoitingisha na kusikia chuma kikigonga chuma ndani yake.

Bomba la mraba lina mtego wake. La 50 kwa 50 lenye ukuta wa 3 mm lina 44 mm ndani, na la 40 linaingia likiwa na nafasi ya 4. Dawa yake ni rahisi: chomelea ukanda wa flatibaa wa 3 mm kwenye nyuso mbili zinazopakana za ulimi, na nafasi inabaki milimita moja. Kisha pitisha kidole ndani ya nguzo. Bomba lolote lililokunjwa na kuunganishwa kiwandani lina mshono, na mara nyingi mshono huo una ukingo ulioinuka kwa ndani. Ukisahau kuuachia nafasi, ulimi utakwama katikati, usiende mbele wala kurudi nyuma.

Ulimi na ala, ndugu wasiofanana

Hivi viwili hufanya kazi moja, kurefusha nguzo au bomba la mlalo, kwa hiyo ndivyo vinavyoshindana hasa.

Kwa nguvu tupu, ala inashinda. Bomba pana hupinga kupinda kuliko jembamba lenye ukuta uleule. Ulimi uliobanwa uingie ndani ya nguzo ya 48.3, ukiwa na ukuta sawa na nguzo, una uwezo wa kupinga kupinda ulio pungufu ya nguzo yenyewe kwa zaidi kidogo ya robo. Ala ya 60.3 yenye ukuta wa 5 mm, ambayo ndani ina 50.3, inaivaa nguzo ya 48.3 kwa nafasi ya milimita mbili, na nguvu yake inaizidi nguzo. Ukiipinda nguzo hiyo kwa lazima, itakunjika nje ya ala.

Kwa maji, ulimi unashinda, na kwangu hili lina uzito mkubwa. Ala ina mdomo juu. Kila mvua inajaza ule mwanya mwembamba kati ya mabomba mawili, na maji yaliyobanwa pasipo hewa hayakauki. Nimefungua ala iliyopakwa rangi vizuri kwa nje, nikakuta ndani kutu imevimba hadi bomba halitoki hata kwa nyundo. Ukichagua ala, ziba mdomo wa juu kwa weldi inayozunguka yote, au kwa silikoni ya nje kama umetumia bolti. Mdomo wa chini uache wazi, maji yaliyoingia yapate njia ya kutoka. Wanaoziba kote kuwili wakiamini wamelinda chuma hufungia unyevu ndani.

Ulimi umefunikwa na nguzo yenyewe. Ukitia kifuniko juu ya nguzo, mvua haina njia isipokuwa ule mstari mmoja ambapo mabomba mawili yanakutana, na mstari huo hufungwa kwa weldi nyembamba au silikoni. Tena hauonekani, na uzio wa mbele ya nyumba unapendeza zaidi usipokuwa na vifundo.

Kuutengeneza ulimi pale usipopata bomba la saizi inayoingia, ndipo ufundi ulipo. Chukua kipande cha bomba la nguzo hiyohiyo. Lipasue kwa urefu, ukiondoa ukanda mwembamba, halafu libane kwenye jiliwa hadi lipungue. Upana wa ukanda unaupata kwa kuzidisha tofauti ya vipenyo kwa 3.14. Nguzo ya 48.3 yenye 41.9 ndani inahitaji ulimi wa kama 41.5. Tofauti ni 6.8, kwa hiyo ukanda wa kuondoa ni milimita 21 hivi. Pasua palepale kwenye mshono: unaondoa ule ukingo wa ndani na unapata mfereji wa kupitishia mshono wa nguzo. Usilibane bomba kwa mara moja mahali pamoja. Tembeza kwenye jiliwa kidogo kidogo, ukiligeuza, la sivyo litakuwa na umbo la yai. Chonga ncha zote mbili kwa tupa ziwe na mteremko, kisha gonga kwa nyundo ya mti. Chuma kilichobanwa hutaka kurudi kilivyokuwa, kwa hiyo kikiingia kinasukuma ukuta wa nguzo pande zote, na kucheza kunakwisha. Ndiyo sababu naupenda ulimi uliopasuliwa kuliko bomba zima lililoingia kwa ulegevu, hata kama lile zima lina nguvu kidogo zaidi.

Urefu, kwa ulimi na kwa ala, usiwe mdogo. Mimi hutumia mara mbili na nusu hadi tatu ya upana wa nguzo kila upande, yaani kwa nguzo ya 60, kiungo kizima kinakaribia 300 hadi 360 mm. Sababu iko wazi ukiwaza jinsi nguzo inavyosukumwa: kiungo kinapinga kupinda kwa kusukuma ukuta sehemu mbili zinazopingana, karibu na mdomo na karibu na ncha yake ya ndani. Sehemu hizo zikikaribiana, msukumo unakuwa mkubwa na ukuta mwembamba unabonyea. Ukiongeza urefu unaozama mara mbili, msukumo unapungua takriban nusu.

Kabla ya kuugonga, weka kizuizi katikati ya ulimi, tone la weldi au bolti ndogo, usije ukazama wote kwenye nguzo ya chini na kupotea. Limewahi kunipata, na nililazimika kuifumua nguzo.

Vibano

Kibano hakirefushi nguzo vizuri. Kazi yake ni kukutanisha vitu vinavyotoka pande tofauti: mhimili wa kona, bomba la mlalo, fremu ya lango. Hapo hakuna cha kukishinda, kwa sababu hakitoboi nguzo, hakiunguzi zinki inayoikinga nguzo na kutu, na ukikosea urefu unalegeza na kusogeza.

Kwa nguzo ya 60.3 natumia flatibaa ya 40 kwa 5 mm na bolti za M10, yaani za kipenyo cha 10 mm. Hesabu ya urefu wa nusu moja inafanywa katikati ya unene wa flatibaa, si kwenye uso wake: 60.3 jumlisha 5, zidisha kwa 3.14, gawanya kwa mbili. Unapata kama 102.5 mm. Ongeza masikio mawili ya 35 mm, halafu punguza milimita nne. Kata 169 au 170.

Hizo milimita nne ndizo wengi wanaozisahau. Masikio ya nusu mbili yasigusane. Lazima ubaki mwanya wa milimita tatu hadi tano kati yao baada ya kukaza. Yakigusana, bolti inakaza sikio kwa sikio na nguzo inabaki imelegea katikati, hata uongeze nguvu kiasi gani kwenye spana. Ukiona kibano kinazunguka na bolti imekazwa hadi mwisho, tatizo ni hilo.

Kupinda: weka vyuma viwili vya duara sambamba, vikiachana 72 mm au 73, flatibaa juu yake, na kipande cha bomba la 60.3 juu ya flatibaa palepale katikati. Sukuma kwa jeki au kwa skrubu ya jiliwa kubwa. Inatoka umbo la U. Kisha bana kila mguu kwenye jiliwa kwa kipimo na upinde masikio nje kwa nyundo. Chuma laini cha 5 mm kinapindika kikiwa baridi. Ukilazimika kutumia moto, uwe na chuma kisicho na zinki. Toboa matundu baada ya kupinda, nusu mbili zikiwa zimebanwa pamoja, la sivyo hayatakutana. M10 inapita kwenye tundu la 11. Acha angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha tundu kutoka katikati yake hadi ukingo wa sikio.

Fundi mmoja aliniuliza kwa nini nisikunje tu fimbo yenye nyuzi za bolti kuwa U. Nikamjibu: kunja kwanza fimbo laini ya 10 mm, kisha tia nyuzi kwenye ncha zake. Nyuzi zikipindwa, kila bonde la nyuzi linakuwa mwanzo wa ufa. Tena U ya fimbo hugusa bomba kwa mstari mwembamba, na ukuta wa milimita mbili unabonyea chini yake. Kwa uzio mwepesi inatosha. Kwa nguzo ya lango siitumii.

Udhaifu wa kibano ni kwamba kinashika kwa msuguano. Mhimili wa kona unaosukuma kwenda juu utakitelezesha pole pole, hasa juu ya rangi mpya iliyo laini. Chomelea tone la chuma au funga skrubu moja ndogo juu yake kama kizuizi. Na kwa bomba la mraba usihangaike kupinda pembe kali: bamba mbili zilizonyooka, moja kila upande wa nguzo, na bolti nne zinazopita nje ya nguzo, zinabana vizuri na zinatengenezwa kwa robo saa.

Bapa, na nguzo za engo

Kwenye bomba la duara bapa halina kazi. Kwenye engo, yaani chuma cha umbo la L chenye mabawa mawili, ndiko nyumbani kwake. Vipande viwili vya flatibaa vinavyolingana unene na engo, kimoja kwa kila bawa, bolti mbili kila upande wa kiungo, basi.

Kilicho bora zaidi kuliko bapa mbili ni kipande kifupi cha engo ileile kilicholala ndani ya kona. Lakini hakitalala bila kuchongwa. Kona ya nje ya engo ni kali, ilhali kona ya ndani ina mviringo. Kwenye engo ya 50 kwa 50 kwa 5 mviringo huo una nusu kipenyo cha 7 mm. Saga kisigino cha kipande cha ndani hadi kikae bila kuyumba, ndipo utoboe. Usipofanya hivyo, bolti zinavuta mabawa na kuyapinda.

Zile nguzo za umbo la T au Y za uzio wa shambani ni ngumu kutoboa, na nyingi zimefuliwa kwa chuma chenye kaboni nyingi. Zisichomelewe. Weldi huwa ngumu kama kioo pembeni yake na hukatika kwa pigo moja. Tumia bapa na matundu ambayo tayari yako kwenye nguzo, au kibano.

Weldi au bolti

Uamuzi huu unafanywa na zinki. Nguzo nyeusi isiyo na zinki, chomelea: toboa matundu ya 12 mm kwenye ukuta wa nje, mawili kila upande wa kiungo yakitazamana, uyajaze kwa weldi hadi yashike ulimi ulio chini. Elektrodi ya 2.5 mm aina ya E6013 inafaa ukuta wa milimita mbili hadi tatu. Ukuta wa 1.5 unatoboka haraka, hapo bolti ni salama zaidi.

Nguzo iliyochovywa zinki, funga bolti. Zinki huyeyuka karibu nyuzi 420 za Selsiasi na kuchemka kwenye 907, na safu ya weldi ina joto kubwa kuliko hilo. Moshi mweupe unaotoka huleta homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Kama huna njia nyingine, saga zinki yote mahali pa weldi, fanyia kazi nje upepo ukitoka mgongoni, kisha rudishia kwa rangi yenye zinki nyingi. Lakini hiyo rangi haitadumu kama zinki iliyochovywa.

Kama unapanga kupeleka viungo vyako vikachovywe zinki baada ya kuvitengeneza, toboa tundu la hewa kwenye kila sehemu iliyofungwa. Chombo cha zinki kina joto la karibu nyuzi 450, na unyevu uliofungiwa kati ya ala na bomba hugeuka mvuke ghafla na kupasua kazi yako, pengine na kumrushia mtu zinki ya moto. Hili halina mjadala.

Bolti zenyewe zichaguliwe kwa makini. Zile zinazong'aa zina zinki nyembamba, kati ya maikroni (sehemu za elfu za milimita) 5 na 10 hivi, wakati chuma cha milimita tatu hadi sita kilichochovywa hubeba wastani wa maikroni 70. Nguzo itabaki safi na bolti itakuwa nyekundu. Tafuta bolti zilizochovywa, na uzinunue pamoja na nati zake, kwa kuwa nati hizo zimepanuliwa nyuzi. Nati ya kawaida haitapita. Bolti inayopita katikati ya bomba tupu ukiikaza sana inabonyeza bomba liwe bapa. Hapa ulimi una faida nyingine, kwani unaongeza kuta mbili ndani, ila bado nakaza kwa kiasi na kutumia nati ya kujifunga.

Kuna mahali ambapo sikazi kabisa: kiungo cha bomba la mlalo kwenye uzio mrefu. Bomba la mita sita likitoka ubaridi wa alfajiri hadi jua la saa nane, tofauti ya nyuzi 40, hurefuka karibu milimita tatu. Mabomba kumi yaliyofungwa kwa weldi yanasukuma nguzo ya mwisho kwa karibu milimita 30. Ulimi uliofungwa upande mmoja na kuachwa uteleze upande wa pili unameza mwendo huo kimya kimya.

Kuna wanaounganisha bomba kwa bomba, mdomo kwa mdomo, kwa weldi peke yake. Sifanyi hivyo kwenye nguzo inayosimama. Weldi ikishasagwa ilingane na bomba, kinachobaki ni unene usiojulikana, na hakuna ulimi ndani wa kushika siku itakapopasuka.

Mwisho kuna mahali pa kiungo chenyewe. Nguzo inayopigwa na upepo hubeba mzigo mkubwa zaidi usawa wa ardhi, pale inapotoka kwenye zege, na hapohapo ndipo udongo na maji hukutana na chuma. Kwa hiyo nguzo fupi naiweka na kipande chake kirefu chini, kiungo kikipanda juu ya nusu ya urefu wake. Naiunganisha ikiwa imelala, nanyoosha uzi kutoka ncha hadi ncha, naigeuza robo duara na kupima tena, halafu ndipo nachanganya zege.